Uso ukiwaka si dalili kwamba dawa inafanya kazi

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 27, nipo Tanga, nauza matunda barabarani. Uso wangu umefubaa, hauna nuru kabisa. Nimekuwa nikipaka limau, asali na magadi soda kila jioni, asubuhi nasugua kwa sukari. Wiki ya kwanza niling'aa mpaka wateja wakaniuliza natumia nini. Sasa hivi nikipaka uso unawaka, na mashavuni yametokea mabaka meusi. Niongeze limau au nichanganye na manjano? Sitaki kemikali, nataka vitu vya asili tu.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiongeze limau wala manjano. Acha mchanganyiko wote kuanzia leo, na sukari uirudishe kwenye chai. Hayo mabaka si "uchafu unaotoka ndani" kama wanavyodai wauzaji wa mitandaoni. Yameletwa na hicho unachojipaka.

Maelezo yanayonichosha kuliko yote ni haya: "Ikiwaka ndiyo inaingia." Nayasikia kliniki karibu kila siku, na mara nyingi anayeyasema ameshatoka maganda usoni. Kuwaka ni ngozi inalalamika. Uso wenye afya una uchachu kidogo, pH yake, yaani kipimo cha uchachu, inacheza kwenye 5. Limau liko kwenye 2 hivi, na kipimo hiki kila kikishuka namba moja uchachu unaongezeka mara kumi. Kwa hiyo unajipaka kitu kikali kuliko ngozi yako mara elfu. Magadi yanakupeleka upande wa pili, karibu na 10. Na usidhani vikikutana kwenye bakuli vinapoozana. Povu likitulia, hujui kilichobaki ni tindikali au ni magadi, maana hakuna aliyepima.

Mbona basi uling'aa? Kwa sababu tabaka la juu la seli zilizokufa lilibanduliwa ghafla, na ngozi ya chini ikavimba kidogo kwa kuchokozwa. Ngozi iliyovimba hunyooka, mwanga ukiipiga inameremeta. Ndiyo ile sifa ya wateja wako. Lakini tabaka hilo ndilo linalozuia maji yasitoke na jua lisiingie, na mwili huhitaji kama wiki nne kulijenga upya. Wewe ulikuwa unalibomoa kila asubuhi kwa punje za sukari zenye kona kali.

Ngozi nyeusi ikijeruhiwa hujibu kwa kumwaga rangi. Hapo ndipo mabaka yanapoanzia. Halafu limau, na ndimu zaidi yake, lina kemikali zinazoamshwa na mwanga wa jua. Mabaki yakiwa usoni ukatoka juani, unaungua. Jeraha hujitokeza baada ya siku moja au mbili, kwa hiyo mtu halihusishi na limau hata kidogo. Mimi huitambua kwa umbo. Naona mistari meusi inayoteremka kutoka shavuni hadi shingoni, vile vile maji ya ndimu yalivyochuruzika, na pengine alama za vidole pale mtu alipojigusa.

Sasa cha kufanya. Osha uso mara mbili kwa siku kwa maji ya kawaida na sabuni laini. Sabuni ya mche ni ya nguo. Uso ukiwa bado na unyevu, paka glisirini uliyoizimua kwa maji nusu kwa nusu, au mafuta ya mgando kidogo sana. Mafuta ya nazi yaache kama una chunusi, huziba vitundu. Wiki nne hizo usisugue chochote. Ngozi ikitulia, mtindi mtupu usio na sukari, dakika kumi mara moja kwa wiki, unatosha kulainisha. Liwa haina ubaya kama haikuwashi, ila usitegemee ifute mabaka. Na kwa kazi yako, kofia pana au mwavuli, hasa saa tano hadi saa tisa, vitakusaidia kuliko kila kitu kilichomo jikoni. Ukipata krimu ya kuzuia jua ya SPF 30, bora zaidi. Mabaka yatachukua miezi mitatu hadi sita, pengine zaidi.

Jambo moja wengi hawalifikirii: fungua kope ya chini kwenye kioo. Ikiwa ndani ni nyeupe badala ya nyekundu, kapime damu. Uso mwingi ninaoletewa kama "umefubaa" ni upungufu wa damu, na hakuna kinyago cha parachichi kitakachouponya.

Nirudi kwenye "vitu vya asili tu". Upupu ni wa asili. Mafuta ya ganda la korosho ni ya asili, waulize wabanguaji wa Mtwara yanavyowafanya vidole. Neno hilo sasa limekuwa kichaka cha matapeli. Mtu akishaona limau halimsaidii, anauziwa kikopo kisicho na lebo, "mitishamba mitupu, siku saba unang'aa". Hakuna mmea unaong'arisha uso kwa siku saba. Ndani mnakuwa na klobetasoli, dawa kali ya ngozi ya kundi la steroidi, haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua rangi, au zebaki inayopita kwenye ngozi na kwenda kuharibu figo. Ni mkorogo ule ule, umebandikwa picha ya mshubiri. Utaujua kwa tabia yake: ukipaka uso unakuwa laini ajabu, ukiacha siku tatu unawasha na kuwa mwekundu, ukirudia unatulia. Hapo ngozi imeshakuwa tegemezi, na kuiachisha ni kazi ya miezi.

Kwa hiyo ukishawishiwa kununua kitu, tafuta orodha ya viambato, jina la mtengenezaji na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Kikikosa hivyo, kiache dukani. Na kama baada ya miezi miwili mabaka yanazidi kuenea, au unatumia vidonge au sindano za uzazi wa mpango, ambazo nazo huweza kuleta mabaka ya mashavuni, nenda kliniki ya ngozi hospitali ya mkoa. Beba kila ulichowahi kujipaka, na makopo matupu pia, tuone kilichoandikwa.