Cheti kipi kinalinda kisima changu?

SWALI: Shikamoo. Mashamba yetu, huku Kanda ya Ziwa, yako chini ya bwawa la topesumu la mgodi wa dhahabu. Kwenye mkutano wa kijiji, bwana mazingira wa mgodi alitutuliza kwamba wana cheti cha ISO 14001. Kijana wangu wa chuo anasema hakitoshi, kuna viwango vya sianidi, ile kemikali ya kutolea dhahabu kwenye mawe, na vya mabwawa. Kipi kinatulinda? – Mama Kulwa

JIBU: Marahaba, Mama Kulwa. Kijana wako yuko sahihi. ISO 14001 hukagua utaratibu: je, mgodi una sera, una wasimamizi, unarekebisha kasoro zake? Chenyewe hakiweki kikomo cha sumu.

Nilipokuwa maabara ya mgodi, tarakimu tuliyoiangalia kila asubuhi ilikuwa 50. Inatoka kwenye Kanuni ya Kimataifa ya Sianidi: maji ya bwawani yanayofikiwa na ndege na mifugo yasizidi miligramu 50 kwa lita, kwa ile sianidi inayoachia sumu kwa urahisi. Yakimwagwa mtoni, mwisho ni 0.5. Migodi iliyojiunga hukaguliwa na mtu wa nje kila miaka 3, na muhtasari huwekwa mtandaoni. Kijana wako autafute.

Ila ninachokihofia zaidi kwenu ni ukuta wa bwawa. Januari 2019 bwawa la Brumadinho, Brazili, lilivunjika na kuua watu 270, na lilikuwa limeshapewa hati ya uimara miezi michache tu kabla. Hapa kwetu bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, lilipasuka Novemba 2022, matope yakafunika mashamba na nyumba. Baada ya Brumadinho kilitungwa Kiwango cha Kimataifa cha Mabwawa ya Topesumu, 2020. Hicho kinautaka mgodi ukadirie matope yatafika wapi ukuta ukivunjika, na uandae mpango wa dharura pamoja na wanaoishi chini yake. Mkutano ujao ombeni ramani ya mahali matope yatakapofika, muulize na siku ya mazoezi ya kukimbia.

Viwango vyote hivi ni vya hiari. NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndilo linaloweza kuutoza mgodi faini. Kwa hiyo pimeni visima vyenu sasa hivi, maji yakiwa bado mazuri, kwenye ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Mwanza. Karatasi ya majibu itunzwe na serikali ya kijiji, maana bila vipimo vya mwanzo mgodi utasema maji yenu yalikuwa hivyo tangu zamani.