Mama yuko kwenye dripu za saratani, na nyumbani UVIKO umeingia

*Shikamooni. Mama anatibiwa saratani ya matiti pale Bugando. Leo ni siku ya tisa tangu apate dripu ya pili. Wajukuu wawili wana mafua na kikohozi, na mmoja amepimwa na kukutwa na UVIKO-19. Jirani anashauri tumfukize mama nyungu, na aache dripu ijayo. Tufanyeje?* – Msomaji, Igoma

Marahaba. Mama yuko kwenye siku mbaya kuliko zote. Kwa dawa nyingi za dripu, chembe nyeupe za damu hushuka hadi chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Virusi vikiingia wakati huo, mwili unakosa askari, na bakteria nao hupata mwanya.

Leo hii wahamishieni wajukuu chumba kingine. Wavae barakoa wakipita karibu na bibi, madirisha yawe wazi, na anayewauguza wao asiwe ndiye anayempikia na kumwogesha mama. Kama nyumba ni ya chumba kimoja, afadhali mama alale kwa ndugu mwingine asiye na mafua. Apimwe UVIKO hata kama hana dalili, kisha simu ipigwe kliniki ya saratani kuwaeleza.

Nunueni kipima joto cha kwapani, mpimeni asubuhi, jioni, na kila akihisi baridi. Kwapani joto husoma pungufu kama nusu digrii, kwa hiyo 37.5 rudieni baada ya nusu saa. Ikifika 38, ondokeni saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Hapa ndipo familia nyingi hukosea: wanampa Panadol, joto linashuka, wanalala. Dawa imeficha homa, ugonjwa unaendelea. Deksamethazoni anayopewa kuzuia kutapika nayo inaweza kuficha homa, hivyo akilegea ghafla, akitetemeka au akichanganyikiwa msisubiri kipima joto kisome 38. Mapokezi semeni neno la kwanza kabisa: “Yuko kwenye dripu za saratani, ana homa.” Antibayotiki ya mshipa inatakiwa ndani ya saa moja, na mgonjwa asiyejieleza hukaa kwenye benchi na wenye malaria. Kadi yake ya kliniki iwe mkobani muda wote.

Kuhema kwa shida, kifua kuuma au mguu mmoja kuvimba ni dharura pia. Saratani hufanya damu igande kirahisi, UVIKO nao hivyo hivyo.

Nyungu, hapana. Mvuke hauui virusi vilivyo ndani ya mwili, na maji yakimmwagikia, kidonda cha moto kitakuwa mlango mpya wa bakteria wakati hana kinga.

Dripu ijayo msiiache wenyewe. Akikutwa na UVIKO, daktari huisogeza mbele hadi dalili ziishe na damu ipande, kisha ratiba inaendelea. Mgonjwa anayekaa nyumbani kimya kwa hofu huipa saratani nafasi ya kukua, na hilo linatuuma kuliko virusi vyenyewe.

*Baba ana limfoma (saratani ya tezi za limfu), alidungwa dawa yake ya rituksimabu miezi miwili iliyopita. Chanjo ya UVIKO haitamdhuru?* – Msomaji, Nansio, Ukerewe

Haina virusi hai, haitamwambukiza. Shida ni kwamba rituksimabu hufuta chembe zinazotengeneza kingamwili, na kwa takribani miezi sita chanjo hufanya kazi kidogo sana. Mwulizeni daktari wake tarehe inayofaa, na ninyi mnaoishi naye mchanjwe sasa. Akiugua, virusi vinaweza kukaa mwilini mwake wiki nyingi, kwa hiyo daktari ndiye aseme lini arudi kukaa na watu. Chanjo za surua na homa ya manjano zina virusi hai; hizo asichanjwe bila idhini ya kliniki ya saratani. Na kwa kuwa mko kisiwani, pangeni mapema chombo cha kumvusha usiku, kwa sababu homa haisubiri kivuko cha asubuhi.