Re: Baiskeli ya gia ndani ya Saadani, inawezekana?

Mkuu, umeuliza kama ukitokea Tanga unaweza kuzama Hifadhi ya Taifa ya Saadani na baiskeli uone wanyama. Kwa kweli mimi nisingekushauri, kule kuna tembo, nyati na simba, nyasi zinapanda juu mvua zikikolea na baiskeli haina kelele, yaani unaweza kata kona ukajikuta uso kwa uso na nyati hata yeye hajakusikia. Na simba ukimkimbia ndo umemwita, hapo unashuka taratibu, baiskeli unaiweka mbele yako, unarudi kinyumenyume huku unamwangalia. Saadani nenda na gari, upande boti pale mto Wami uone viboko na mamba.

Kwa baiskeli panda Amani bana, ule msitu wa hifadhi kule milima ya Usambara Mashariki! Unapita Muheza, unalipia kiingilio pale lango la Sigi, unachukua na mtu wa kukuongoza njia, halafu ni mlima mwanzo mwisho mpaka juu kama mita 900, kona kwa kona, msitu umefunga huku na huku. Mbega utawaona juu ya miti na mikia yao yenye ncha nyeupe, na hondohondo utamsikia kabla hujamwona, mabawa yanavuma vuuu juu ya kichwa, raha yake we acha tu.

Breki kagua kabla ya kushuka, ule udongo mwekundu ukilowa unateleza vibaya sana. Tairi punguza upepo kidogo, beba tyubu ya akiba, pampu, viraka na solusheni. Masika usiende kabisa.