Hati ya kiapo haimhamishi mtoto

Swali: Mwaka 2022 nilipata kazi katika shamba la maua Naivasha, nikamwacha binti yangu wa miaka minane kwa kaka yangu na mkewe huko Ahero. Walinipeleka Kisumu mjini tukaandikiwa, kwa shilingi 1,500, hati ya kiapo inayosema nimewakabidhi mtoto pamoja na haki zote juu yake hadi atimize miaka 18. Sasa ana miaka kumi na mmoja na nina uwezo wa kuishi naye, lakini wanasema nirudishe kwanza karo na gharama zote walizotumia. Je, karatasi hiyo inanifunga? — Mama, Nakuru

Jibu: Mama, haikufungi kwa namna wanavyodai. Hati ya kiapo ni maelezo ya anayeapa tu, na kamishna wa viapo anapogonga muhuri anathibitisha kwamba uliapa mbele yake, wala hathibitishi kwamba ulichoapa kina nguvu za kisheria. Kumwasili mtoto, yaani kumfanya kuwa wako kisheria, huhitaji amri ya mahakama, na hakuna karatasi ya shilingi 1,500 inayoweza kushika nafasi ya amri hiyo. Kuhusu gharama, ikiwa kaka yako ana dai la fedha, basi adai kama madeni mengine yanavyodaiwa. Mtoto hawekwi rehani.

Hata hivyo, kuna kosa jingine ninalokutana nalo karibu kila wiki, na ndilo linalonisikitisha zaidi. Watu wazima wakishapatana kwa hiari, huamini kwamba jambo limekuwa la ukoo na kwamba mtoto hana la kusema. Hiyo hiari ilikuwa yenu ninyi watatu; binti yako hakuulizwa. Haki zake hazikutoka kwenye mapatano yenu, kwa hiyo mapatano hayo hayawezi kuzifuta. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa haki ya malezi na ulinzi wa wazazi wake, na kinaagiza kwamba maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inatambua malezi ya jamaa kuwa mojawapo ya njia halali za kumlea mtoto asiyeishi na wazazi wake, lakini kutambuliwa huko hakumfanyi mtoto kuwa mali ya shangazi wala mjomba. Akiwa Ahero alikuwa na haki ya kuzungumza nawe na kukuona, ya kusoma, ya kutogeuzwa kijakazi wa nyumba, na ya kusikilizwa kulingana na umri na ufahamu wake.

Nakuomba upokee na upande wa pili wa ukweli huo, ingawa huenda usikupendeze. Kwamba hati ile haina nguvu hakumaanishi uende kesho ukamchukue binti yako shuleni bila mtu kujua. Ameishi huko miaka mitatu, ana walimu na marafiki, na pengine amezoea kumwita mke wa kaka yako mama. Mahakama ya Watoto, shauri likifika huko, haitauliza tu ni nani aliyemzaa. Itataka kujua atakuwa salama wapi, atasoma wapi, na yeye mwenyewe anasema nini. Anza kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, ambaye huduma yake hailipiwi, umweleze kisa chote na kumwomba awaite pande zote mbili na azungumze na mtoto faraghani. Mkipatana kwamba arudi kwako, afadhali arudi likizo ya muhula kuliko katikati ya mitihani.

Ninawaonya wasomaji wengine pia dhidi ya madalali wanaozunguka nje ya mahakama na ofisi za serikali wakiuza hati zilizoandikwa tayari, na nafasi ya kujaza jina la mtoto. Hawaulizi umri wake, hawaulizi baba yuko wapi, ilhali Katiba inawapa baba na mama wajibu sawa. Wapo hata wanaowashawishi akina mama maskini kutia saini ili mtoto apelekwe katika makao ya watoto akapate mfadhili, wakati mkakati wa taifa wa mwaka 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto kutoka kwenye makao hayo waishi katika familia. Anayelazimika kumwacha mtoto kwa jamaa na ampitishe kwanza kwa afisa wa watoto, waandike anakwenda kwa nani, kwa muda gani, mzazi atamwona lini na nani atalipa nini, na mtoto aulizwe kabla ya mkoba wake kufungwa.

Nawe, mama, usiichome karatasi yako. Mpelekee afisa nakala yake, kwa sababu inaonyesha tarehe uliyomwacha binti yako na ni nani aliyempokea.