Unataka kufanya masta ya saikolojia? Anza na swali, hiyo 384 ya idadi ya watu wa kupima itakuja baadaye

Kila mwaka ikifika mwezi wa nane hivi naanza kupata meseji za watu wamemaliza digrii ya saikolojia, nifanye masta ya ushauri nasaha ama ya kliniki, nisome hapa Nairobi ama nitafute skolashipu niende nje, karo ni ngapi. Na mimi kabla sijajibu lolote huwauliza, kuna kitu gani unataka kujua ambacho saa hii hakuna mtu anaweza kukuambia? Wengi hunyamaza. Siwalaumu, mimi mwenyewe ningenyamaza, kwa sababu miaka minne tulisoma majibu tu, Freud alisema hivi, Piaget akasema vile, mtihani ukija unaandika unapita. Walijuaje? Hilo hatukuulizwa, na hilo ndilo masta yote.

Nikueleze yangu ilivyoenda.

Baba yangu mdogo alikua soja wa usiku, yaani mlinzi wa geti, miaka mingi, Kilimani huko, na tulimuona akibadilika, akawa mtu wa kununa, haongei. Kwa hivyo nilipoingia masta nilikua na moto, nikaandika kwa pendekezo langu kwamba nataka "kuthibitisha" kuwa kazi ya usiku inaletea walinzi unyogovu. Msimamizi wangu akapigia hilo neno kuthibitisha mstari mwekundu akaniuliza, ukienda huko ukapata sivyo, utajuaje kama umepata sivyo? Nilikasirika kwa kweli. Niliona kama anadharau kitu nimekiona na macho yangu nyumbani kwetu.

Baadaye ndio nikasoma jaribio la mwanasaikolojia Peter Wason la 1960 vizuri, sio ile ya kukariri. Aliwapa watu namba tatu, 2-4-6, akawaambia zinafuata kanuni fulani, nyinyi nipeni namba tatu tatu zenu nitawaambia kama zinafuata kanuni, mkishajua mniambie ni gani. Mtu akishajiambia "aha, ni kuongeza mbili mbili" anatoa 8-10-12, anaambiwa ndio, anatoa 20-22-24, anaambiwa ndio, anazidi kujiamini. Kumbe kanuni ilikua namba zipande tu, basi. 3-7-50 pia ingepita. Lakini wengi hawakujaribu namba za kuvunja wazo lao, walijaribu za kulipamba. Nikajiona pale kabisa, mimi na hojaji yangu nikielekea kwa walinzi kuuliza maswali ambayo jibu lolote litasema baba mdogo alikua anaugua kazi.

Sasa twende kwa hojaji maana hapa ndio watu wengi wanaumia bila kujua.

Nilichukua PHQ-9, hojaji ya dalili za unyogovu ambayo karibu kila mtu huchukua, ina maswali tisa, kila moja unajipa 0 mpaka 3, jumla ya juu kabisa 27, na ukifika 10 kuendelea ndio wanasema huyu aangaliwe zaidi. Nikaenda nayo kwa geti kujaribu na watu kumi na wawili kabla ya utafiti wenyewe. Swali la tatu linauliza mambo ya usingizi, kama unashindwa kulala ama unalala kupita kiasi. Mzee mmoja akaniangalia akaniambia, "Madam, unaniuliza kama nashindwa kulala? Mimi nimelipwa nisilale."

Hebu piga hesabu. Soja wa usiku anaingia saa kumi na mbili jioni anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anatembea mpaka Kawangware, nyumba ya mabati, saa nne jua linawaka watoto wanacheza nje, analala masaa matatu akibahatika. Kwa usingizi atajipa 3. Swali linalofuata ni la kuchoka, atajipa 3. Linalofuata ni la kula, huyo anakula saa zisizoeleweka, mpe 2. Kuna la kushindwa kumakinika, mpe 2. Tayari ni 10 na hajakuambia popote kwamba ana huzuni ama amekata tamaa! Ningerudi chuoni na karatasi zimejaa 10 na 12 na 14, nikaandika walinzi wengi wana unyogovu, na nilichopima ni kwamba mtu asiyelala hulala kidogo. Hiki chombo ni kizuri, kimesaidia watu wengi, shida ni mimi nilikua nakibeba bila kuuliza kwa mtu huyu kinapima nini.

Alafu lugha. Tafsiri moja niliyoanza nayo ilikua na neno sonona, yaani unyogovu. Kiswahili safi kabisa, lakini kati ya wale kumi na wawili hakuna aliyelijua. Na "kukosa hamu" wengine walielewa ni hamu ya chakula. Kwa hivyo fanya hivi: mpe mtu mmoja atafsiri, mwingine ambaye hajaona ile ya asili airudishe kwa Kiingereza, ulinganishe, hiyo njia mtafiti Richard Brislin aliieleza 1970 na mpaka leo inatumika. Lakini usiishie hapo, kaa na mtu wa kawaida umsomee swali moja umwambie, nirudishie kwa maneno yako, nimekuuliza nini? Ukisikia majibu yake utaandika swali upya. Mimi niliandika upya mara nne, na watu wenyewe ndio walinipa maneno, kuwaza sana, roho nzito, kuona hakuna haja.

Kuna kitu kingine hakuna mtu alinionya, tarehe. Hojaji inauliza wiki mbili zilizopita. Ukimuuliza mtu tarehe tatu mshahara umeingia, na ukimuuliza mwingine tarehe ishirini na tano mwezi uko kona, landlodi amegonga mlango mara mbili, hao si watu wawili wa kulinganisha hata kama wanafanya kazi geti moja. Kwa Nairobi mimi nasema kalenda ya mshahara iandikwe kwa kila utafiti wa hisia.

Haya, 384. Ukifungua tasnifu kumi za hapa kwetu utakuta hiyo namba kama idadi ya watu wa kupima, watu huiandika kama amri kutoka mbinguni. Inatoka wapi? Ni 1.96 ukiizidisha na yenyewe, mara 0.5 mara 0.5, ugawanye na 0.05 mara 0.05, unapata 384 na kitu. Hiyo ni hesabu ya mtu anayetaka kukadiria asilimia fulani kwa jamii kubwa, kosa lisizidi asilimia tano juu ama chini, na awe amechagua watu kwa bahati nasibu. Kama swali lako ni kulinganisha makundi mawili, hesabu ni ingine. Tofauti ya ukubwa wa kati, ile mwanatakwimu Cohen huipa 0.5, ukitaka nafasi ya asilimia 80 ya kuiona kama ipo, unahitaji watu 64 kila kundi. Tofauti ikiwa ndogo, 0.2, unahitaji karibu 400 kila kundi. Kuna programu ya bure inaitwa G*Power inakupigia hiyo hesabu, ipakue leo, na JASP pia ni ya bure, usikae ukisema huna pesa ya SPSS, ile programu ya takwimu ya kulipia.

Mimi mpango wa kwanza ulikua walinzi wa usiku dhidi ya wa mchana. Inasikika vizuri mpaka uulize nani huwekwa usiku. Nikauliza. Mara nyingi ni wageni kazini, ama mtu hana mtu ofisini wa kumtetea, ama amekosana na supavaiza. Kwa hivyo hata ningepata wa usiku wana roho nzito zaidi, pengine waliingia usiku nayo. Hapo nililala wiki nzima na mawazo. Mwishowe nikapata kampuni inayozungusha watu, mwezi huu mchana mwezi ujao usiku, nikaamua kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe, nusu waanze mchana nusu waanze usiku, wote wapimwe tarehe moja ya mwezi, na yale maswali ya mwili niyaangalie kando na yale ya hisia. Na hapo hesabu ikawa nyepesi, kwa tofauti ya ukubwa ule ule wa 0.5 ya mtu kwa yeye mwenyewe unahitaji watu 34 tu, nikachukua wa ziada kwa sababu soja huhamishwa ama huacha kazi bila kuaga. Matokeo siandiki hapa, ni kampuni moja na watu wachache, sitaki mtu ayabebe mbali.

Kama unataka kuona kundi la kulinganisha lililofikiriwa vizuri hapa nyumbani, soma utafiti wa Shamiri, mafunzo mafupi ya vikundi kwa vijana wenye dalili za unyogovu na wasiwasi, uliotoka 2021, wanafunzi 413 wa sekondari. Wale ambao hawakupata mafunzo ya Shamiri hawakuachwa wakae bure, walifundishwa mbinu za kusoma, muda sawa, kundi sawa, vijana wa aina ile ile waliomaliza sekondari juzi wakiwafundisha. Sababu mtoto akipewa tu saa moja ya kusikilizwa kila wiki anaweza kupata nafuu, na ukimlinganisha na aliyekaa bila kitu utasifia dawa isiyo yenyewe.

Swali la tisa la PHQ-9 naomba usilichukulie kama karatasi. Linauliza kama mtu amewaza heri afe ama ajiumize. Usiku wa pili mtu aliniwekea alama hapo, tumekaa kwa kibanda chake saa tatu usiku. Nashukuru kamati ya maadili ilikua imenilazimisha kupanga kabla, nilikua na mshauri amekubali kupokea simu saa hiyo, nikapiga, wakaongea, kesho yake nikampeleka. Wakati huo kujaribu kujiua kulikua kosa la jinai, kifungu 226 cha sheria ya adhabu ya Kenya, watu waliogopa kujibu ukweli, Mahakama Kuu ilikuja kusema kinakiuka katiba Januari 2025. Kama huna mpango wa mtu atakayejibu ndio, usiulize hilo swali. Na hizi karatasi za kamati ya maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, anza nazo mapema sana, kamati kwanza alafu NACOSTI, miezi inaisha hapo.

Kuhusu kwenda nje, nitakua mfupi. Walimu wa huko hawatafuti mtu anayependa kusaidia watu, kila barua inasema hivyo. Andika swali lako kwa mistari miwili, sema litapimwa vipi na nini kingekuonyesha umekosea. Na usione aibu ya swali la Kawangware. Jeffrey Arnett alihesabu 2008 majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani, akakuta asilimia 96 ya waliopimwa wanatoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu duniani. Na 2015 watafiti waliporudia tafiti 100 za saikolojia, ni asilimia 36 tu zilizotoa tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Kwa hivyo kabla ya kujenga tasnifu juu ya makala moja tamu, tafuta kwanza kama kuna mtu aliirudia. Ukitaka kazi ya kuona wagonjwa badala ya utafiti, angalia kwanza kama hiyo kozi itakuwezesha kusajiliwa chini ya ile sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014, usigundue baada ya kumaliza karo.

Yule mzee wa "nimelipwa nisilale" nilimrudia nilipomaliza, na karatasi moja ya Kiswahili ya kile nilichopata. Alisoma yote akiwa amesimama, akaikunja akaiweka mfukoni, akaniuliza, "Na wale wa petroli stesheni, hao hawazungushwi mchana kamwe, utawapimaje?" Ndio ninaloandikia pendekezo saa hii.