Maswali ya Wasomaji: Utajuaje Kama Makao ya Wazee Yanatunza Vizuri?

Swali: Habari za kazi, wahariri. Mama yetu alipata kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu, na nyumbani hatuwezi tena kumwinua. Tumetembelea makao matatu ya wazee. Kote tumepokewa vizuri, sakafu zinang'aa, mameneja wanaongea kwa upole. Tutachaguaje?

Jibu: Poleni sana kwa kuuguza. Sakafu na upole wa meneja viwekeni kando kwanza, kwa kuwa ziara ya miadi huonyesha jinsi makao yanavyopokea wageni, si jinsi yanavyotunza wazee. Rudini mara mbili bila kutoa taarifa: siku moja wakati wa kula, siku nyingine jioni ya mwisho wa wiki, saa ambazo wahudumu huwa wachache. Wakiwaomba msubiri mzee avalishwe, hiyo ni haki yake. Wakikataa katakata mgeni yeyote asiye na miadi, msipeleke mama hapo.

Wakati wa kula, chagueni meza moja na muitazame mwanzo hadi mwisho. Asiyeweza kujilisha analishwa na mtu aliyeketi usawa wa macho yake, au mhudumu amesimama akiwalisha wawili kwa zamu? Mzee amekaa wima, au ameegemezwa nusu amelala? Kwa aliyepata kiharusi hili ni jambo kubwa, maana mara nyingi uwezo wa kumeza huwa umepungua, na chakula kikiingia njia ya hewa huleta nimonia. Mgonjwa wa namna hiyo hukaa wima wakati wote wa kula, na hubaki hivyo kama dakika 30 baada ya kumaliza. Akikohoa kila anapomeza, au sauti yake ikawa kama ina majimaji, mhudumu anayeijua kazi huacha kulisha na kumwita muuguzi. Ulizeni nani hupima umezaji kabla mgonjwa mpya hajapewa chakula chake cha kwanza. Jibu la "huwa tunawapa vitu laini" halitoshi, kwa sababu kwa baadhi ya wagonjwa maji matupu ndiyo hatari kuliko chakula.

Sikilizeni pia kengele ambayo mzee huibonyeza kumwita mhudumu. Ikilia, tazameni saa mpaka mtu aingie chumbani. Dakika chache ni kawaida. Robo saa ikipita bila mtu kugeuka, mzee aliyetaka kwenda chooni ama ameshajikojolea, ama anajaribu kushuka mwenyewe na ataanguka. Angalieni na mahali kengele ilipo: kwa mama yenu, kengele na glasi yake ya maji viwe upande wa kushoto, kwenye mkono wenye nguvu. Tumetaja hili kwa sababu ndilo husahaulika zaidi, na mgonjwa asiyeifikia kengele ni sawa na asiye nayo.

Kwa meneja, swali la msingi ni hili: usiku wa leo kutakuwa na wahudumu wangapi, kwa wazee wangapi, na muuguzi mwenye leseni atakuwepo hapa hapa au atapigiwa simu tu? Ombeni kuiona ratiba ya zamu ya wiki hii kwa macho. Kisha pigeni hesabu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takribani kila baada ya saa 2, yaani mara 6 katika zamu ya saa 12. Wakiwa 15 wa aina hiyo, hiyo ni mizunguko 90 kwa usiku mmoja. Hata kila mmoja ukichukua dakika 5 tu, ni saa 7 na nusu, na mara nyingi zinahitajika nguvu za watu wawili. Hapo hatujabadilisha nepi wala kumpeleka mtu chooni. Wahudumu wawili kwa wagonjwa wote hao hawatawahi, hata wawe na moyo mwema kiasi gani.

Muulizeni mhudumu mmoja kwenye korido, si meneja, amefanya kazi hapo kwa muda gani. Wahudumu wakibadilika kila baada ya wiki chache, hakuna atakayejua kwamba mama yenu akinyamaza ghafla huwa ana maumivu. Mkataba nao usomwe wote kabla ya kusaini: nepi, dawa, kufua na kusindikizwa hospitali vimo ndani ya ada au vinalipiwa kando? Akilazwa hospitali, kitanda chake kinashikiliwa kwa siku ngapi, na ada inaendelea?

Swali: Bibi ana mwezi mmoja kwenye makao. Aliingia na kilo 62, sasa ana 58 na nguo zinampwaya. Wahudumu wanasema ni uzee. Ni kweli?

Jibu: Si kweli. Uzee haumpunguzi mtu kilo 4 ndani ya mwezi. Wauguzi huchukulia upungufu wa asilimia 5 ya uzito kwa mwezi mmoja, au asilimia 10 kwa miezi 6, kuwa dalili ya kuchunguzwa. Kwa bibi yako asilimia 5 ni kilo 3 na kidogo, naye ameshapita hapo.

Anza na kinywa: meno ya bandia yasiyokaa vizuri, vidonda, utando mweupe kwenye ulimi. Kisha uliza kuhusu choo kigumu, dawa mpya zinazoua hamu ya kula, na huzuni ya kuhama nyumbani. Baada ya hapo kaa naye mlo mzima uone sahani inawekwa wapi na inaondolewa baada ya muda gani. Mzee anayekula polepole akipewa dakika 20 hubaki na njaa, na kwenye karatasi huandikwa kuwa amekataa chakula.

Omba uione karatasi hiyo. Ikionyesha "amekula yote" kwa mwandiko uleule mlo baada ya mlo huku kilo zinashuka, anayeijaza haitazami sahani. Dai apimwe kila wiki, kwa mizani ileile, saa ileile, akiwa na nguo nyepesi, na daktari amwone. Maji nayo yafuatiliwe. Wazee wengi huhitaji angalau lita 1.5 za vinywaji kwa siku, isipokuwa daktari amezuia kwa ajili ya moyo au figo. Ulimi mkavu, mkojo uliokolea rangi na kuchanganyikiwa kwa ghafla ni dalili za kupungukiwa.

Swali: Nimeona alama nyekundu kwenye kisigino cha baba, haiumi. Nifanye nini?

Jibu: Ibonyeze kwa kidole, kisha achia. Ikigeuka nyeupe na rangi ikarudi, damu bado inapita vizuri. Ikibaki vilevile, kidonda cha mgandamizo, yaani kinachotokana na kulalia au kukalia sehemu moja muda mrefu, kimeanza ingawa ngozi haijachanika. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane kabisa, kwa hiyo tumia kiganja: linganisha na kisigino cha pili. Pakiwa na joto zaidi, pagumu au palaini kuliko kawaida, au pana rangi ya zambarau, ndivyo hivyo. Kutosikia maumivu kusikutulize, hasa kama ana kisukari.

Muuguzi aambiwe leo, si kesho. Mto uwekwe chini ya shavu la mguu, urefu wote, ili kisigino kining'inie hewani bila kugusa godoro. Pasisuguliwe wala kukandwa, maana nyama ya ndani imeshaumia na kukanda huizidishia. Mito ya duara yenye tundu katikati nayo haifai, kwani hubana damu pembeni mwa kidonda. Akiwa amelala, kichwa cha kitanda kisipandishwe zaidi ya nyuzi 30 kwa muda mrefu nje ya saa za kula, maana mwili huteleza na kuvuta ngozi ya makalio. Wengi hukumbuka kitanda na kusahau kiti: mzee aliyekalishwa kwenye kiti cha magurudumu tangu asubuhi hadi jioni hupata kidonda vilevile. Kagua pia nyonga, viwiko, nyuma ya masikio na sehemu ya juu ya makalio.

Swali: Mzee wangu ana ugonjwa wa kusahau. Tangu ahamie makao analala mchana kutwa. Wanasema "ametulia". Nina wasiwasi.

Jibu: Wasiwasi wako ni wa haki. Kama usingizi umeanza ndani ya siku chache, daktari amwone haraka, kwa sababu maambukizi, sukari kushuka au kugonga kichwa alipoanguka huanza hivyohivyo. Wakati huohuo omba orodha ya dawa zote na tarehe kila moja ilipoanza. Mara nyingi utakuta dawa ya kutuliza akili imeongezwa. Dawa za kundi hilo ziliwekewa onyo kali na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2005, baada ya kuonekana kuongeza vifo kwa wazee wenye ugonjwa huu. Zipo hali zinazozihitaji, lakini kupunguza kazi ya zamu ya usiku si mojawapo. Uliza zimeandikwa kwa sababu gani, nani alitoa ridhaa, nini kilijaribiwa kwanza, na lini dozi itaangaliwa upya. Mzee anayepiga kelele huenda ana maumivu, hajapata choo, au ana mkojo wenye maambukizi. Usimkatishe dawa mwenyewe, kwani kuacha ghafla kuna madhara yake.

Ukiwa hapo, itazame karatasi ya kusainia dawa. Saa 4 asubuhi ukiikuta imeshasainiwa dozi ya saa 2 usiku wa leo, ambayo bado haijatolewa, huwezi kuamini sahihi yoyote iliyomo.

Swali: Harufu ya mkojo ni dalili mbaya?

Jibu: Kwenye chumba kimoja asubuhi, hapana. Korido nzima, mchana, ndiyo. Marashi makali kila kona nayo yachunguzwe.

Swali: Nataka kulalamika, ila naogopa watamlipizia mama.

Jibu: Woga huo unaeleweka, na ndiyo maana lalamiko liwe la maandishi na lenye jambo linalopimika. "Hamumjali mama" hujibiwa kwa pole tu. "Tarehe fulani, saa 9 alasiri, nilimkuta na nepi iliyolowa hadi shuka, naomba abadilishwe na iandikwe kila mara, nitaangalia baada ya siku 7" hulazimisha kazi ifanyike. Anza na muuguzi kiongozi wa zamu, kisha meneja, kisha mamlaka iliyotoa leseni, na ubaki na nakala. Baada ya kulalamika, badilisha saa za kumtembelea, na ndugu wapeane zamu ili asipite siku nyingi bila mtu wake.

Michubuko yenye umbo la vidole juu ya mkono, au mzee kujikunyata mhudumu fulani anapoingia, havisubiri ngazi hizo. Piga picha mama akikubali, apelekwe kwa daktari wa nje siku hiyohiyo, na polisi waarifiwe kabla hajarudishwa.