Dawa za presha na diklofenaki za jirani

Mwanangu muuguzi, nina miaka 63. Natumia losatani ya presha na dawa ya kupunguza maji mwilini. Magoti yakiuma nameza diklofenaki za jirani. Siku hizi nikiamka alfajiri kuswali nasikia kizunguzungu, na juzi kipimo kilisoma 120/80. Niache dawa?
Mama wa Mbagala

Shikamoo mama. Kinachonitisha ni hizo diklofenaki: ziache leo. Zinapandisha presha, na zikikutana na losatani na hiyo dawa ya maji, figo zinaweza kuumia. Ibuprofeni ni ukoo huohuo. Bibi yangu wa Temeke alizimeza hivyohivyo kimyakimya hadi miguu ikavimba, ndiyo maana nakusihi. Kwa magoti, muulize mfamasia kuhusu parasetamoli.

Za presha usiziache mwenyewe. Hiyo 120/80 ni presha nzuri, na imeletwa na dawa. Ukiamka, keti kwanza ukingoni mwa kitanda dakika 1 au 2, ndipo usimame. Na joto hili la Dar, ukiharisha au kutapika wahi kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kizunguzungu chenyewe kamweleze daktari wiki hii. Beba pakiti zote, hata mitishamba. Ukizimia, usisubiri tarehe ya kliniki.